Kima cha Chini

Kompresa ilikufa Jumanne, tarehe kumi na moja Julai,
saa nane mchana, hapa Mabela,
wakati hata paka wa jirani kajibanza chini ya tangi la maji
na vitasa vya milango vinaunguza kiganja.
Fundi Biju alipanda darini na ngazi yake ya kukunja,
akashuka, akajipangusa uso kwa shati,
akasema, "Mama, hii khalas."
Riali mia na themanini na tano.

Nikatoa kadi.
Nyepesi mno kwa kitu kinachobeba vile.

Akiba tulishaila Machi,
siku Thani aliporudi mapema na boksi
lenye kikombe, chaja, na kalenda ya meza.
Kampuni imepunguza watu, alisema,
kama mtu asemaye wamepunguza chumvi.

Agosti, jino la Azzan.
Septemba, gia za gari zikaanza kuguna njia ya Barka.
Kisha harusi ya binti wa kaka yangu,
na nani aende harusini mikono mitupu?
Wahenga walituonya: kukopa harusi, kulipa matanga.
Juu ya kompresa hawakusema kitu.

Karatasi ya benki haikuandika riba.
Iliandika ada. Iliandika gharama za huduma.
Nami ninayefunga Rajabu na Shaabani
nikaipokea ada, nikaikunja mara nne,
nikaitia kwenye droo ya vijiko.

"Wanataka nini?" Thani aliuliza.
"Kima cha chini. Riali kumi na tisa na baisa mia nne."
Azzan, ambaye Kiswahili chake ni cha jikoni,
akainua kichwa kwenye hesabu zake:
"Kima gani huyo wa chini?"
Na Thani, ambaye hajafanya mzaha tangu Machi,
akasema, "Yule anayekula shamba
kuanzia pembeni, ili usimwone."

Simu ililia Jumapili, mikono yangu ina vitunguu.
Sauti ya binti. Kiarabu cha ofisini, kilichopigwa pasi:
malipo yamechelewa siku tisa, dada, unafahamu?
Ninafahamu. Nikaibana simu begani,
sufuria ikafoka, nikajisemea,
"Na wewe wali, umeamua kuungua leo leo?"

Kimya.
Halafu, polepole, kama afunguaye mlango asiamshe mtoto:
"Punguza moto, bi. Utashika ukoko."

Sikujua nicheke au nikate simu.
Aibu ya Kiarabu niliizoea,
ilikuwa na namba ya kumbukumbu.
Hii ilikuja imejifunga kanga.

"Kwenu wapi?"
"Bibi yangu kazaliwa Chake."
"Wangu Mkoani."
Akakumbuka kuwa simu inarekodiwa,
akarudi kwenye Kiarabu kwa sentensi mbili ndefu,
kisha akashusha sauti:
"Usilipe kima cha chini peke yake.
Hicho kinalisha ada, deni lenyewe halisikii hata sisimizi.
Njoo tawini, omba likatwe vipande, kadi waifunge.
Na uulize jumla yake
kabla hawajakupa kalamu."
Akavuta pumzi.
"Mimi mwenyewe ninazo mbili."

Tukaanza kwa pamoja, "Dawa ya deni..."
hakuna aliyemalizia.

Sasa tunalala watu watano chumba kimoja,
kiyoyozi kimoja, miguu ya Azzan mbavuni mwangu.
Thani anapeleka watoto wa majirani shule
kwa gari lile lile linaloguna.
Jana usiku nikaenda mashineni:
riali kumi na moja na baisa mia tatu na hamsini.
Mashine haitoi baisa.
Nikachukua kumi,
ile moja na vichele vyake nikaiacha humo ndani,
nikasimama kidogo kwenye kijumba cha vioo,
kwa kuwa baridi yake ilikuwa kali, tena ya bure,
mpaka mwanamume nyuma yangu, kadi mkononi,
akagonga kioo kwa ukucha.