Neno Lililokata Kona

Nyundo ilipokosa msumari na kupata kidole gumba,
neno lilianza safari kooni mwa babu Jabez,
neno zima, zito, la herufi tatu tu kwa Kiingereza,
likielekea moja kwa moja kwa Mwenyewe mbinguni.
Lakini mhubiri Ormerod alikuwa ameketi palepale
akingojea soli, soksi yake imetoboka kisigino,
na jikoni bibi Tamar alishaacha kukoroga.
Neno likaona limeviziwa.
Likakata kona ghafla, meno yakalibana,
likatoka limevaa kofia ya mtu mwingine:
"Gosh!"

Mhubiri akakohoa. Mwiko ukarudi chunguni.
Nami chini ya meza, miaka saba, mdomo umejaa kamba ya kiatu,
nikajua kuwa maneno nayo hupita mlango wa nyuma.

Kwenye rafu palikuwa na kopo la majani ya chai.
Nusu peni kwa kila jina la Mungu lililotajwa bure.
Lilikuwa kopo jepesi. Babu alikuwa bahili,
na ubahili, naapa, umeokoa ndimi nyingi kuliko mahubiri
katika bonde lile la Yorkshire, lenye mvua na makanisa.
"Gosh" haikulipiwa.
"Heck" haikulipiwa: hiyo, alisema bibi,
ni jehanamu iliyomwagiwa maji,
mguu unalowa lakini hauungui.
Ila "drat" ilizua kesi ya jioni nzima.

Maana mwalimu wa shule, Bi Hephzibah Greenwood,
alileta buti zake na elimu yake pamoja.
Akasema "drat" ni laana iliyonyolewa ndevu:
Mungu na akuozeshe! Wamekata kichwa, wakauacha mkia.
Akasema vibarua wa London wanaolia "blimey"
wakiangusha kreti la samaki
wanamwomba Mungu awapofue, nao hawana habari.
Akasema hapo kale watu waliapa kwa vidonda vya Mungu,
vile vya msalabani,
wakavitafuna, wakavitafuna,
hata ikabaki "zounds", sauti ya nzi ndani ya chupa.
Serikali ikanusa hata makombo hayo:
mwigizaji akichezea jina takatifu jukwaani,
faini, pauni kumi.

"Pauni kumi!" babu akasema, akatazama kopo kwa heshima mpya.

Bibi hakusikia pesa.
Aliweka sindano chini.
"Vidonda vyake," akasema. "Tumevimung'unya
miaka yote hii kama peremende."
Usiku ule hakuna aliyesema kitu mezani,
hata chumvi tuliiomba kwa vidole.

(Nawe unayesoma, usicheke.
Ni nani huyo nani
aliyemo ndani ya hakyanani yako?)

Lakini ulimi ni mpangaji asiyehama.
Kufikia Jumatano babu alishajichoma na nta,
na "gosh" ikarudi na kofia yake,
na bibi akajifanya kiziwi,
na mimi nikaijaribu peke yangu nyuma ya banda la makaa,
polepole, nikisimama kati ya herufi ya kwanza na zilizobaki,
pale njia panda, kuona kuna nini.
Palikuwa na ubaridi.

Februari moja kifua cha babu kilijaa.
Siku tisa alilala bila kusema.
Usiku wa tisa akafumbua macho, akatazama dari,
na neno likatoka zima, bila kofia, bila kona,
lile la herufi tatu.
Mara moja tu.

Hatukujua kama ni maumivu au ni salamu.
Bibi akaenda kwenye rafu, akashusha kopo,
akalipakata kama kifaranga.
Nusu peni ilikuwa kiganjani mwake. Niliiona.
Asubuhi, wanawake wa kumwosha walipobisha hodi,
ilikuwa bado kiganjani,
imebanwa hata uso wa malkia
ukachapika kwenye ngozi.