Kamba Katika Mkato

Chumba changu Zaragoza kina dirisha moja
nalo halitazami mtaa.
Linatazama kisima cha hewa:
orofa sita za matofali, mbingu ya ukubwa wa leso,
na kamba, kamba, kamba,
za puli zinazolia kama zinadai deni.

Kodi ni nafuu kwa sababu ya giza.
Mwenye nyumba hakuficha. "Mwanga upo juu," alisema,
kana kwamba mwanga ni mpangaji mwingine,
nikiutaka nipande nikaugongee.

Chuoni tunafundishwa jua:
Desemba saa sita linapita wapi,
linaingia sebuleni kwa nyuzi ngapi,
kivuli cha paa kitamwangukia nani.
Nayaandika yote kwa kalamu nyembamba,
kisha narudi nyumbani nawasha taa mchana.

Miezi ya mwanzo Kihispania kilinipita
kama treni isiyosimama kituo changu.
Nilidaka neno mojamoja:
mesa, nikasema kumbe, meza;
azúcar, nikasema sukari, hata wewe uko huku?
Kama kukutana na mtu wa kwenu foleni ya vibali:
kule hamkuwa mkisalimiana,
huku mnakumbatiana.

Jumanne soksi iliangukia dirishani kwangu.
Ya mtoto, ya kijani, imetoboka kisigino.
Niliipandisha orofa ya nne.
Akafungua Bi Obdulia, unga hadi viwikoni,
akaitazama soksi, akanitazama mimi.
"Unasomea nini?"
Majengo.
"Basi niambie," hakunikaribisha, hakunifukuza,
"hizo nyumba zenu mpya, nguo mnaanika wapi?"

Nilikuwa na jengo la familia arobaini,
zege tupu, ngazi inayoelea,
watu wa kadibodi wasiotoka jasho.
Hakuna hata mmoja aliyekuwa na shati la pili.

Usiku wa kuamkia tathmini hatukulala.
Leire alikata miti ya sponji,
Ximo aligundisha vidole viwili vikawa kimoja,
mimi nilichora mkato.
Mkato ni kulipasua jengo kama papai
uone mbegu zimekaaje.
Saa tisa wembe ukaniteleza,
lugha yangu ikanicheka: mkato juu ya mkato.
Tone likatua orofa ya tatu, nje ya jiko.
Nikasugua. Likabaki waridi.
Nikaliongezea kola na mikono miwili,
nikavuta mstari dirisha hadi dirisha,
nikalitundika.

Asubuhi, Daraja la Mawe,
cierzo, upepo wa hapa usio na adabu,
ukang'oa paa la kielelezo changu
ukalipeleka kuogelea mto Ebro.
Nilifika na jengo lenye upara.

Profesa Iturralde alilizunguka mara mbili.
"Paa?"
Upepo.
"Angalau jua limeingia."
Kisha kidole kikashuka kwenye karatasi.
"Na mstari huu? Ni chuma? Unabeba nini?"
Nguo.
Mtu akakohoa nyuma.
"Futa. Mkato huonyesha muundo."
Sita na nusu kwa kumi.

Sikufuta.

Jioni nilifua shati nililolivaa,
nikalikamua, nikasimama nalo dirishani kama mwizi.
Juu, kichwa cha Bi Obdulia kikachomoza.
"Kamba ya orofa ya pili haina mwenyewe
tangu Fermín afariki. Anika."
Akanishushia kikapu kwa uzi,
vibanio vitano, vya mbao.
"Nimevihesabu," akasema, akafunga.

Nikavuta. Puli ikalia deni lake.
Shati likaenda gizani, mikono wazi,
likasita katikati.

Lilikauka siku ya tatu.