Inazunguka Bila Joto

Inazunguka. Hilo silikatai.
Nimebandika sikio kwenye bati lake, nasikia zipu ya jinzi
ikigonga, ikigonga, kama mgeni asiyeiona kengele.
Lakini baada ya saa nzima nimefungua mlango
na jezi ya Maélie, namba kumi na saba, imelowa vilevile,
baridi kama pua ya mbwa.

Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Hapa Edmundston, mwezi Februari,
nguo ukiianika uani inasimama yenyewe
kama askari aliyesahauliwa lindoni.
Mechi ni kesho, saa moja asubuhi.

Nampigia Normand, Alberta, kwenye mafuta,
saa tatu nyuma yetu, buti bado mguuni.
"Umesafisha chujio?"
Nimesafisha. Nimetoa manyoya ya kijivu,
blanketi la panya: vumbi la taulo, nywele zangu,
na uzi mmoja mwekundu wa ile sweta
aliyoondoka nayo Oktoba.
Uzi huo sikumtajia.

"Bomba la nyuma?"
Navuta mashine, inakwaruza sakafu
kama ng'ombe anayekataa josho.
Natoka na tochi, theluji magotini,
naweka kiganja kwenye mdomo wa bomba.
Pumzi inatoka, tena nyingi, ila ni pumzi ya mtu
anayekujibu ndiyo, ndiyo,
macho yake yako gazetini.

"Basi ni fyuzi," anasema. "Ziko mbili.
Mota inaridhika na moja.
Joto linadai zote."
Kisha akanyamaza. Nami nikanyamaza.
Kumbe kidole kimoja kinaweza kuzungusha pipa usiku kucha,
ila chawa hafi.

"Zima swichi kuu kwanza, Odile. Umezima?"
Nimezima.
"Niambie tena."
Miaka kumi na miwili, sikumbuki lini
aliniuliza jambo mara mbili.
Halafu sauti nyuma yake, king'ora, jina lake likiitwa.
"Zamu. Nitapiga saa nne."

Nabaki gizani, tochi menoni.
Nazichomoa: mapacha, mwili wa karatasi ngumu, kofia za shaba.
Kwa macho hujui ipi imekufa.
Nagusisha kipima umeme. Ya kwanza inalia: tii.
Ya pili, kimya.
Naigeuza, najaribu tena, kimya.
Ndani ya sanduku lake la vifaa, chini ya misumari,
kuna kifurushi cha gazeti la zamani
na mwandiko wake uliolala upande: *za nguo*.
Alijua. Alinunua akiba, akakunja, akaandika,
akaenda zake.

Nimepachika. Nimewasha.
Dakika moja, mbili, ile harufu ya bati linalopata moto,
na kioo cha dirisha dogo la chini kikaanza kutoa jasho.
Nikaketi juu ya mashine, mtu mzima,
miguu inaning'inia, nikacheka peke yangu.

Saa nne simu ikalia.
"Imepona?"
Jezi ilikuwa mapajani mwangu, imekunjwa, vuguvugu.
Kule chini mashuka yalikuwa yanaunguruma.
Nikausukuma mlango wa ngazi kwa kisigino
mpaka ukafunga.
"Bado," nikasema.
"Hebu nieleze tena, polepole,
ile ya fyuzi mbili."