Inchi Moja kwa Futi

Bi Hansa ameagiza tena: viti virefu vinne,
meza ya karakana, rafu ya mabomba,
vyote vya kuenea kiganjani.
"Mtindo wa kiwanda," aliniambia,
"na kutu, Amolo. Usisahau kutu."

Mimi ni fundi wa mageti.
Nimechomelea mageti kutoka Milimani hadi Mamboleo,
vitanda vya deki vya shule tatu za bweni,
na mlango mmoja wa selo ambao siusemi.
Leo nimeinama kama mtu anayechambua mchele,
kibano cha nyusi mkononi,
natafuta mguu wa kiti ulioruka
ukazama kwenye vumbi la Kibuye.

Inchi moja kwa futi. Hiyo ndiyo sheria.
Mtu wa futi sita huwa na inchi sita,
hana njaa, hadaiwi kodi,
nyumba yake iko kwenye dirisha la duka
karibu na Mnara wa Saa,
na bei yake, nisiitaje:
geti langu la mita tatu halifiki nusu.

Spoku ya baiskeli inakuwa bomba.
Refili ya biro, ikishaoshwa wino, inakuwa kiungo.
Kichwa cha pini ndicho bolti.
Mbao natoa kwenye kreti za nyanya;
ile yenye tundu la msumari naiweka juu, ionekane.
Taa nang'oa kwenye rimoti iliyokufa.
Mashine ya kuchomelea siigusi,
cheche moja ingemeza kiti kizima.
Natumia lehemu, na pumzi nimeizuia.

Kutu ndiyo kazi.
Nusu ya maisha yangu nimeisugua kwa msasa,
nikaifunika kwa rangi,
nikamwapia mwenye geti kwamba haitarudi.
Sasa naipika mwenyewe: siki, chumvi, kijiko cha majani ya chai,
usiku mmoja ndani ya kifuniko cha mkebe.
Asubuhi imechanua rangi ya chungwa,
nami nacheka peke yangu
kama mwizi aliyelipwa alinde duka.

Baba alipita Jumamosi.
Nyagudi wa zamu ya usiku,
miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha pamba;
masikio yake yalibaki huko, ndani ya mashine za kufuma.
Ukimsalimu anatazama midomo.
Akavaa miwani. Akaishika meza,
akaigeuza kama anayekagua yai.
Rafu: akatikisa kichwa, ndiyo.
Mabomba: ndiyo, yalipita hivi, juu ya dirisha.
Kisha akafika kwenye viti.
"Na hivi?"
Nikatamka polepole. Viti. Vya kiwanda.

Akacheka hadi akakohoa.
"Kiwandani hatukuwa na viti, mama.
Aliyeketi alifutwa."

Sikuwa na la kusema. Gundi ilikuwa inakauka.
Vinne vimeshalipiwa nusu,
na hiyo nusu imeshakuwa unga, imeshakuwa ugali,
imeshaoshwa kwenye sufuria.

Akachukua kimoja, akakisimamisha juu ya fuawe,
akaushusha mkono wa kushoto
na kile kidole ambacho mashine ilikila
hadi pingili ya pili,
akakikalisha.
Kilienea. Kama nilikuja kukipima.
Tukakitazama kidole kimeketi,
kimeinua mgongo kidogo, kama mgeni asiyezoea.
Jirani wa masufuria akaanza tena kugonga,
soko lote likatetemeka;
Baba, ambaye hakusikia,
hakukiondoa.

Jumatatu nilipeleka vitatu.
Bi Hansa akahesabu. Akahesabu tena.
Nikamwambia cha nne kimeliwa na kutu.