Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kikao cha kwanza kilikaa kwa Bi Mwanahija,
Ngamiani, barabara ya kumi na sita,
watu kumi na wanne, viti sita.
Ajenda ilikuwa mguu.

Fundi Shekiondo amekatwa wake pale Bombo, chini ya goti.
Kidonda kilianza kama upele, sukari ikakilea.
Mguu wa bandia, tuliambiwa, uko Moshi:
milioni moja na laki mbili, nauli mbali.

Nikachaguliwa mweka hazina
kwa kuwa nina mwandiko mzuri
na sina mume wa kuniazima.

Mawazo yakamwagika.
Kibwana alitaka bonanza, waliooa na makapera,
kiingilio mia tano.
Sihaba akasema vitumbua, kila nyumba itoe mchele.
Na mafuta? Kimya.
Mhina akaleta habari ya kadi, kama za harusi,
singo elfu kumi, dabo elfu kumi na tano,
mtu nyuma akauliza: mwenye mguu mmoja ni singo?
Tukacheka. Kisha tukaona haya.
Likatajwa la kunadi jogoo,
na jogoo wa Bi Mwanahija akapita katikati yetu
taratibu, kama hakusikia.

Wiki tatu.
Bonanza lilinyeshewa.
Vitumbua vililiwa kwa mkopo.
Jogoo alinunuliwa akarudishwa mnadani mara nne,
wa tano akamla, pesa ameahidi.
Kopo la maziwa lenye tundu, tulilolizungusha msikitini na kanisani,
lilitoa elfu thelathini na moja,
kifungo cha shati, na nusu ya noti.

Nikampelekea ripoti.
Nilimkuta kitandani, gurudumu mapajani,
anagonga spoku moja moja kwa ukucha
na kuzisikiliza, kama mtu anayekaza nyuzi za gambusi.
Hesabu yangu hakuitazama.
"Mwantumu, niteremshie daftari hapo kabatini,
nisomee gurudumu hili la nani.
Macho nayo yameanza."

Daftari la kaunta, jalada limeshiba grisi.
Kibwana: tairi ya nyuma, elfu kumi na mbili, mwisho wa mwezi.
Mwezi gani, hakuandika.
Mhina: cheni, pedeli, cheni.
Mwalimu Semboja: pancha kumi na tisa.
Kijana wa machungwa wa Muheza: keria, akiuza.
Katekista. Muadhini. Askari wawili.
Bi Mwanahija: breki za baiskeli ya marehemu,
tangu marehemu yu hai.
Na ukurasa wa arobaini na moja:
Mwantumu binti Salehe,
kuziba, kuziba, spoku tatu, kuziba.

Usiku nilijumlisha mara mbili,
kwa kalamu, kisha kwa simu.
Milioni moja, laki tatu na ushee.

Kumbe tulikuwa tunamchangia cha kwake.
Mguu wake ulikuwa mjini siku zote,
vipande vipande,
ukienda sokoni, ukienda shule, ukibeba mkaa,
ukirudi nyumbani kwetu jioni
na kuegeshwa ukutani.

Kikao cha pili sikwenda na wazo.
Nilikwenda na daftari, nikasoma kwa sauti,
nikianzia ukurasa wa arobaini na moja,
pesa yangu mezani.
Kibwana aliondoka bila kuaga; nikasema, huyo kaenda.
Akarudi na elfu kumi na mbili, mia tano tupu,
zinanuka mafuta ya taa.

Si wote. Askari mmoja kaniambia
deni kuukuu halina mashtaka.
Bado laki mbili na themanini.

Na Fundi alikasirika.
Nani kakutuma kunianikia daftari barazani?
Siku tano hakunisemesha.
Ya sita akamtuma mtoto:
ilete hiyo baiskeli, mlio wake nausikia mpaka huku kitandani.

Akaipaka grisi. Mia tano.
Nilimpa palepale, mkononi.
Akaandika hata hivyo, jina langu na mia tano,
halafu akalikata kwa mstari mmoja,
polepole, bila rula,
ulionyooka.