Majalada Mawili

Theluji imeziba dirisha hadi nusu,
nami nimetoka zamu ya usiku, kufua mashuka ya hospitali,
vidole vingali vinanuka klorini.
Mezani, majalada mawili.

La Wendell ni nene: kurasa ishirini na tatu.
La Corinne lina karatasi moja, mbele na nyuma,
na doa la kahawa. La kwangu hilo, nakiri.

Ni pacha. Walipishana dakika kumi na moja tu,
wakaota meno wiki moja, wakanikosesha usingizi kwa zamu,
lakini sheria imewapokea kwa milango tofauti.

Wendell, herufi humchezea.
B humgeukia ikawa d, mstari wa tatu humeza wa nne.
Kwake sheria imekuja na msafara:
mwalimu wake wa pekee, mtaalamu wa matamshi,
mwanasaikolojia mwenye saa ya kuhesabu sekunde,
kikao kila mwaka, na kiti changu kikaoni,
ambacho hakuna awezaye kukiondoa. Imeandikwa.
Imeandikwa pia: *Kufikia Mei, atasoma maneno tisini kwa dakika.*
Nisiporidhika, naweza kudai mwamuzi.
Nimesoma yote, hata yale maandishi madogo kama mayai ya chawa.

Corinne ni kisukari.
Kongosho liligoma akiwa na miaka sita.
Hesabu anazijua kunishinda, hahitaji mwalimu wa ziada,
basi karatasi yake haimfundishi kitu.
Inasema tu: msimzuie.
Msimzuie kunywa juisi katikati ya mtihani.
Msimzuie kutoka kwenda kupima damu.
Asiachwe safari ya makumbusho kwa sababu ya sindano.

Kaka kapewa ngazi,
dada kapewa mlango usiotiwa komeo.
Ngazi ina fundi, ina fungu lake la fedha kutoka serikalini.
Mlango hauna hata senti;
unategemea nani, siku hiyo, kashika kitasa.

Nilimuuliza Bwana Terhune, mratibu wa shule:
"Katika haya mawili, lipi lina nguvu?"
Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akairudisha puani.
"Bi Maki, hilo jembamba ndilo pana.
Hata Wendell yumo ndani yake."
Nikatoka na hasira ya mtu aliyeuliza njia
akajibiwa kitendawili.

Halafu ikaja Jumatano.
Mwalimu wao alikuwa na homa, akaletwa wa kushika nafasi,
kijana kutoka Negaunee, viatu vyake vingali na matope ya theluji.
Hakuna aliyemfungulia droo yenye karatasi.
Corinne akaanza kutetemeka, akatoa boksi la juisi.
"Darasani hatunywi," akasema kijana, bila ubaya,
kama mtu anayesoma kibao ukutani.

Wendell akasimama.
(Haya kanisimulia Corinne; mwenyewe hasemi.)
Akachomoa nakala kwenye mkoba wa dada yake,
akaweka kidole chini ya neno la kwanza.
"Mwa. Mwana. Mwanafunzi."
Wengine wakacheka kidogo, wakaacha.
"A-na-ru. Anaruhu."
Akarudi nyuma. Akalisukuma tena lile neno,
kama gari lililonasa theluji mbele ya nyumba,
mbele, nyuma, mbele,
"Anaruhusiwa."

Corinne alikwisha kutoboa boksi tangu mstari wa pili,
na kijana wa Negaunee alikwisha kutikisa kichwa: sawa, sawa, kaa.
Hakukaa.
Alisoma ukurasa wote, akageuza, akasoma wa nyuma,
akasoma jina langu, sahihi yangu, tarehe,
na doa la kahawa, kwa kuwa lilikuwa limechapika kwenye nakala,
akaliita "duara".

Jalada nene lina nafasi mwishoni:
*Maoni ya mzazi kuhusu maendeleo.*
Nimetafuta kalamu inayoandika.
Nimeandika: Jumatano kasoma karatasi nzima, kwa sauti.
Dakika ngapi, sijui.
Hakuna aliyeshika saa.