Mnyororo Ulipungua Hatua Moja

Gundi tuliipika kwa unga wa ngano,
kijiko kimoja tu,
maana uliobaki ulikuwa wa chapati
na mama aliupima kwa jicho kila alipopita.
Mideva alikoroga, mimi nikapuliza moto.
Uji ulipoanza kung'aa, Vugutsa wa miaka mitatu
akauchovya kidole, akaramba,
akatangaza kwamba hauna sukari.

Chavakali, tarehe ishirini na tatu.
Nyumba ilikuwa imekandikwa upya,
samadi na majivu sakafuni, udongo mwekundu kiunoni,
na juu ule mweupe tuliouchimba mtoni
hadi kucha zikageuka chaki.
Mama alichora maua ukutani bila brashi.
Kila petali ilikuwa na upana wa kidole chake cha kati.

Nyota tuliikata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia.
Mbele ilimeta; nyuma bado iliandikwa gramu mia tano.
Mti ulikuwa tawi la saiprasi la ua wa akina Kisia:
tuliomba la mkono mmoja mchana,
tukakata la mikono miwili jioni.
Theluji ilikuwa pamba ya zahanati.
Hatukujua theluji ni nini,
tulijua tu kwamba kwenye kadi haikosi.

Zawadi nazo. Njugu za kukaanga, chumvi kidogo,
zikafungwa kwa gazeti lililosokotwa ncha kama pembe.
Vishikio vya sufuria, vya mguu wa suruali kuukuu,
kimoja cha nyanya, kimoja cha mke wa mchungaji,
na cha mke wa mchungaji ndicho kilichokuwa na mfuko.
Ya baba ilianza mapema, tangu Oktoba:
mama alifumua sweta yake mwenyewe, mkono kwanza,
akafuma kofia ya kijani ya kufunika masikio,
kwa sababu Nakuru, alisema, asubuhi ina meno.

Mnyororo wa karatasi tuliuanzia kona ya mlango.
Tulikata kalenda, tukakata pakiti za sukari,
tukakata daftari langu la hesabu
(nilikuwa wa kwanza kulitoa).
Pete kwa pete ulivuka chumba,
ukapungua hatua moja kufika kona ya pili,
na karatasi zikawa zimekwisha.

Ndipo barua ikafika kwa mkono wa kijana wa kina Amugune.
Mama aliisoma akiwa amesimama, mgongo kwetu, mara moja.
Akaikunja. Akaikunjua.
"Leteni mkasi," akasema,
akaikata vipande vyembamba, vilivyonyooka,
kama mtu anayekata sukuma.

Usiku nililala chali chini ya mnyororo.
Nilikuwa darasa la nne, nilijua mwandiko wa baba,
ile k yake inayopiga teke.
Pete moja ilisema *kiwanda kimepu*.
Nyingine *watoto wale vizu*.
Nyingine, iliyogeuka na upepo wa dirishani, *msiningoje*.
Nilitafuta *mwakani* ikiwa na mwisho wake, sikuupata;
ulikuwa umemezwa na gundi.
Vugutsa akauliza, pale pameandikwa nini?
Krismasi njema, nikamwambia.
Pote? Pote.

Sikukuu yenyewe, saa saba, jua limesimama,
mama alikanda unga amevaa kofia ya baba
hadi kwenye nyusi, jasho likimtiririka.
Chapati zilikuwa thelathini na moja.
Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyethubutu.

Januari majirani walishusha mapambo yao.
Yetu yalibaki, yakashika moshi, yakageuka rangi ya chai.
Baba alikuja Machi, bila begi.
Aliketi, akainua macho darini,
akasoma, midomo ikicheza kidogo,
kuanzia kona ya pili kurudi nyuma, pete baada ya pete,
mpaka alipokutana na hesabu zangu zilizokosewa.
Mama akamwekea kofia gotini.
Akaivaa humo humo ndani,
akauliza kama kuna chai.